Replevini, detinyu au konvesheni: mtu akishikilia mali yako, uidai kwa jina gani?

Shangazi yangu ana cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu, aliinunua kabla mimi sijazaliwa na imesomesha watoto wanne. Mwaka juzi mkanda ukawa unateleza na sindano inaruka mishono, akaipeleka kwa fundi hapa Mombasa, fundi akaandika jina la shangazi kwa chaki ubavuni mwa meza ya cherehani, akampa kijikaratasi, akamwambia njoo Alhamisi. Alhamisi shangazi akaenda akakuta kufuli mpya mlangoni. Kumbe fundi alikuwa anadaiwa kodi ya miezi kadhaa, mwenye nyumba akaleta okshonia, yaani dalali wa mnada, wakabeba kila kilichokuwa ndani, vya fundi na vya wateja, na cherehani ya shangazi ikapandishwa lori pamoja na pasi na feni za watu.

Akanipigia simu usiku. Mimi ni karani tu katika ofisi ya wakili lakini ukoo mzima unaniona kama jaji. Nikaanza kumpigia hesabu za fidia, thamani ya cherehani kama ile sokoni ni ngapi, tutadai shilingi kadhaa, akanikata: "Mwanangu, mimi sitaki kulipwa. Nataka cherehani yangu."

Sasa hiyo sentensi yake ndo imenifanya niandike haya yote, manake sheria ya Kiingereza tuliyorithi ina majina tofauti kwa yule anayesema "nilipe" na yule anayesema "nirudishie", na ukichagua jina lisilo lako unaweza kushinda kesi halafu ukarudi nyumbani na pesa kidogo ambazo hukuzitaka. Majina yenyewe ni matatu makubwa: replevini, detinyu na konvesheni, na hiyo ya tatu zamani iliitwa trova. Yanasikika kama majina ya dawa, najua. Lakini kila moja ukilipasua ukaangalia limetoka wapi utaona linakwambia lenyewe linafanya kazi gani, na kwangu mimi hiyo ndo njia rahisi ya kuchagua kuliko kukariri vifungu.

Tuanze na replevini kwa sababu ndo kongwe na ndo watu wanaielewa vibaya zaidi. Neno limetoka kwenye Kifaransa cha wale Wanormani waliotawala Uingereza, "replevir", ndani yake kuna "plevir", yaani kuweka dhamana. Makarani wa Kilatini wakaliandika "replegiare". Kwa hiyo mzizi wa neno ni dhamana, wala si kurudisha wala kunyang'anya, na neno la Kiingereza la rehani, "pledge", ni la ukoo huohuo.

Picha yake ni hii. Uingereza ya karne ya 13, mkulima amekodi ardhi kwa bwana mkubwa, bwana anadai kodi haijalipwa au kazi fulani haijafanywa, haendi kortini, anatuma watu wake wanaswaga ng'ombe wa mkulima hadi kwenye zizi la kuzuilia. Hana ruhusa ya kuwauza, anawashikilia tu ili mkulima abanwe. Sasa mkulima bila ng'ombe wa kulimia anakufa njaa kabla kesi haijasikilizwa, na pengine hadaiwi chochote. Hapo ndo replevini inaingia: mkulima anaenda kwa sherifu, yule afisa wa mfalme wa eneo lile, anaweka dhamana kwamba ataifungua kesi na kuiendesha na kwamba akishindwa ng'ombe watarudi kwa bwana, na sherifu anaenda zizini anawatoa ng'ombe siku hizohizo. Halafu NDIO kesi inaanza, bwana aeleze alikuwa na haki gani ya kuwakamata. Mwanzoni ulihitaji hati kutoka ofisi ya mfalme, lakini sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 ikampa sherifu nguvu ya kufanya hivyo kwa malalamiko tu ya mwenye mali, usisubiri karatasi ya kutoka mbali wakati ng'ombe hawana majani.

Na kama bwana ni mjanja, kawahamisha ng'ombe kawaficha jimbo jingine? Walikuwa na dawa yake, inaitwa withernam, neno la zamani zaidi hata ya Wanormani, nusu ya kwanza ni "dhidi" na nusu ya pili ni "kuchukua". Sherifu anachukua ng'ombe wa bwana wa idadi ileile anampa mkulima awatumie mpaka wale wa kwanza waonekane. Mimi hii naipenda sana, sikufichi.

Watu wengi wanaotafsiri haraka wanaandika replevini ni "kurejeshewa mali". Si kosa kubwa lakini inapoteza utamu wote. Kiswahili tuna neno linalokaribia zaidi, kugomboa, kama unavyogomboa simu uliyoiweka rehani. Ila kuna tofauti moja ambayo lazima uishike: ukigomboa unalipa deni, yaani umekubali unadaiwa. Ukifanya replevini hujakubali chochote, umeweka dhamana tu, na umesema tukutane kortini. Kitu kwanza, ubishi baadaye.

Detinyu ni mtu mwingine kabisa. Huyu katoka kwenye "detenir", kuzuilia, Kilatini "detinere", na ukisikia "ditensheni" ya mahabusu ni ndugu yake. Hapa hakuna aliyeswaga ng'ombe. Mwanzo wa jambo unaweza kuwa wa amani kabisa: nilikuazima, nilikuachia amana, nilikuletea utengeneze, nilikupa unitunzie nikisafiri. Kosa linazaliwa siku ninapokuja kusema nipe changu na wewe unakataa. Ndo maana roho ya detinyu ni vitu viwili, kudai na kukataliwa. Kama hujawahi kudai waziwazi, kesi yako inasimama kwa mguu mmoja. "Nilimwambia akanijibu njoo kesho" ni ngumu kuithibitisha, barua yenye tarehe na orodha ya vitu na siku ya mwisho ya kurudisha ni rahisi.

Detinyu zamani ilikuwa na ugonjwa mbaya. Mdaiwa aliruhusiwa kujitetea kwa kiapo, anakuja kortini na watu 11, anaapa kwamba hajashikilia kitu chako, wale 11 wanaapa kwamba wanamwamini, kesi imekwisha, nenda nyumbani. Hebu fikiria okshonia anakuja na washikaji zake 11! Utaratibu huo ulifutwa rasmi mwaka 1833, lakini mawakili hawakusubiri miaka yote hiyo, walishatafuta mlango wa nyuma, na mlango huo ndo ukazaa trova.

Trova ni Kifaransa "trouver", kuokota au kupata kitu. Kuanzia karne ya 16 mdai alikuwa anaandika hadithi moja ileile kila kesi: nilikuwa na kitu changu, kikanidondoka kwa bahati mbaya, huyu bwana akakiokota, anajua ni changu, na badala ya kunirudishia akakigeuza kiwe chake. Hata kama kila mtu pale kortini anajua ulimkabidhi mkononi. Mdaiwa haruhusiwi kubisha ile sehemu ya kudondosha na kuokota, anabishana tu kuhusu kugeuza. Na kwa sababu kesi ya aina hii haikuwa na kile kiapo cha mdaiwa na watu wake 11, kila mtu akahamia huko. Mwaka 1852 bunge la Uingereza likasema hadithi ya kuokota basi, haina haja ya kuandikwa, ikabaki ile nusu ya pili, kugeuza, ambayo kwa Kilatini ni "convertere", na ndo tukapata konvesheni. Kwa hiyo mtu akikwambia trova na konvesheni ni vitu viwili, ni kitu kimoja, la kwanza ni jina la utoto.

Kesi tamu ya trova ni ya mwaka 1722, Armory dhidi ya Delamirie, na humo kweli kuna kuokota. Kijana anayesafisha mabomba ya moshi, yaani mtu wa chini kabisa London ya wakati ule, kaokota pete yenye jiwe, akaipeleka kwa sonara aipime thamani. Mwanafunzi wa sonara akalichomoa jiwe, wakamtolea vijisenti, nusu-peni tatu, akakataa, wakamrudishia pete tupu. Korti ikasema kijana si mwenye mali, lakini anayo haki kuliko mtu yeyote isipokuwa mwenyewe halisi, na kwa kuwa sonara hataki kulitoa jiwe lionekane, baraza la wazee wa korti litachukulia lilikuwa jiwe bora kuliko yote linaloweza kutoshea kwenye tundu lile. Ukificha kitu cha mtu, thamani inahesabiwa dhidi yako. Nimeshaona hoja hiyo ikitumika huku kwetu pia, mtu kauza spea za gari la mwenzake halafu anasema zilikuwa kuukuu.

Haya sasa, tuyaweke ubavu kwa ubavu, manake mtu mwenye shida hana muda wa historia.

Unataka nini mkononi? Kama unataka kitu chenyewe na unakitaka saa hii, replevini ndo imeumbwa kwa hilo, kitu kinarudi kabla ya hukumu, ila uwe na dhamana. Kama unataka kitu chenyewe na unaweza kusubiri hukumu, detinyu. Kama kitu kimeshauzwa, kimevunjwa, kimechinjwa, kimefungwa kwenye gari la mtu mwingine, au hukitaki tena hata kikirudi, konvesheni, chukua thamani yake uende ukanunue kingine.

Kosa lilianzaje? Replevini kwa asili yake inataka kuwe na kukamatwa, mtu alikuja akachukua. Detinyu inataka kuzuiliwa. Konvesheni inataka mtu awe amekifanya kitu chako kana kwamba ni chake, na hapa haijali nia njema hata kidogo. Mwaka 1875 korti ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Hollins dhidi ya Fowler, mabroka wa pamba wa Liverpool walinunua marobota 13 kwa mtu aliyeyapata kwa utapeli, wao hawakujua chochote, wakayapitisha kwa mteja wao wakabaki na kamisheni yao tu, na bado wakaambiwa walipe thamani yote. Kwa hiyo unaponunua friji "ya bei ya kutupa" kwa mnada wa uchochoroni, ujue konvesheni inaweza kukufuata wewe uliyenunua kwa pesa yako halali.

Thamani inapimwa siku gani? Hapa ndo kuna pesa na watu wanapitiwa. Konvesheni ni tendo moja, limetokea siku fulani, kwa hiyo kwa kawaida thamani ni ya siku hiyo. Detinyu ni kosa linaloendelea kila kukicha mpaka kitu kirudi au hukumu itolewe, kwa hiyo thamani inapimwa siku ya hukumu. Jaji Diplock aliliweka wazi hilo mwaka 1963 kwenye kesi ya winchi moja ya kunyanyulia mizigo, akasema pia hukumu ya detinyu inaweza kuja kwa sura tatu: lipa thamani na fidia, au rudisha kitu ama ulipe thamani yake pamoja na fidia, au rudisha kitu chenyewe na fidia, bila hiari ya kulipa. Kwa bei zinavyopanda kwetu, tofauti ya siku ya kuchukuliwa na siku ya hukumu miaka mitatu baadaye si ndogo. Ila kitu kinachoshuka bei haraka, simu au kompyuta, hesabu inaweza kugeuka ikawa konvesheni ndo inakufaa.

Na muda uliokaa bila kitu chako? Kwenye detinyu unaweza kudai kodi ya kukitumia. Mwaka 1952 kampuni ya vifaa vya taa za jukwaani ilidai vifaa vyake kwa watu wa ukumbi wa maonyesho, Strand Electric dhidi ya Brisford, wakapewa kodi kamili ya muda wote hata kama wao wenyewe huenda wasingeweza kuvikodisha vyote kwa wiki zote hizo. Umekaa na mashine ya mtu inayozalisha, umelipa kodi yake. Hiyo kwa shangazi ilikuwa muhimu kuliko thamani ya cherehani yenyewe, manake cherehani kuukuu kwenye karatasi ni bei ya kuku wachache, lakini kila wiki bila hiyo ni sare za shule ambazo hakuzishona.

Sasa kuna swali mtu ananiuliza kila mara: hivi haya majina si yalifutwa? Nusu ni kweli. Uingereza yenyewe ilifuta detinyu kwa sheria ya mwaka 1977 ya kuingilia mali za watu, wakayameza mambo yake ndani ya konvesheni. Na kukamata mali za mpangaji kwa ajili ya kodi kwa njia ile ya kale nako wakakufuta mwaka 2014, replevini huko ikabaki kama mzee asiye na kazi. Lakini sisi hatukurithi sheria yao ya 1977. Kenya tulipokea sheria ya kawaida ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanzania bara 22 Julai 1920. Siku hizo detinyu ilikuwa hai na nzima. Kwa hiyo jina lililozikwa kwao bado linatembea huku, korti za Kenya zinaendelea kutoa hukumu za detinyu, na kanuni zetu za madai za mwaka 2010, Oda ya 10, zinaeleza kabisa la kufanya mdaiwa asipotokea kwenye shauri la kuzuilia mali. Replevini nayo imekaa kimya ndani ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi ya Nyumba, Sura ya 293, inayosema mpangaji au mwenye mali iliyokamatwa anaweza kuigomboa kwa kumpa okshonia mwenye leseni dhamana ya kutosha kabla haijauzwa. Watu wanaosoma ile notisi ya okshonia wanaangalia tarehe ya mnada na tarakimu ya deni, wanalia, hawajui kwamba mlango huo upo.

Marekani ndo replevini imepata maisha mapya, na ikageuka upande. Kule ilikuja ikawa silaha ya muuzaji. Umenunua kitu kwa kulipa kidogo kidogo, umekosa mwezi, muuzaji anaenda kwa karani wa korti anajaza fomu, anaweka dhamana, sherifu anakuja kuchukua. Margarita Fuentes wa Florida alinunua jiko la gesi na stirio ya kuchezea santuri kwa malipo ya kila mwezi, kalipa zaidi ya mwaka, zimebaki kama dola 200, wakagombana kuhusu matengenezo ya jiko. Siku ileile muuzaji alipofungua kesi, kabla mama wa watu hajapata hata samansi, wakaja kubeba jiko na stirio. Kesi yake ikafika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ikaunganishwa na za Pennsylvania, na humo kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye mume aliyeachana naye alikuwa naibu sherifu, anazijua fomu za replevini, akazitumia kuchukua nguo, samani na midoli ya mtoto wao wakiwa kwenye ugomvi wa nani akae na mtoto. Mwaka 1972 majaji wanne dhidi ya watatu wakasema haiwezekani, mtu asikilizwe kwanza kabla kitu hakijatoka nyumbani kwake.

Hii inaniuma na pia inanifundisha. Dawa iliyotengenezwa ili ng'ombe wa mnyonge watoke kwenye zizi la bwana ikatumika kutoa jiko jikoni kwa mnyonge. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeko Marekani ukipata karatasi yenye neno hilo, soma tarehe ya kusikilizwa na uende, usikae nyumbani ukidhani ni barua ya vitisho. Na huku Kenya, kama umenunua kwa mkopo wa kukodi-kununua unaotambuliwa na Sura ya 507, ukishalipa theluthi mbili ya bei hawaruhusiwi kuja kukinyakua wenyewe, lazima wafungue kesi. Theluthi mbili. Weka risiti.

Turudi kwenye cherehani, manake hapo ndo kuchagua kulikuwa kazi kwelikweli. Nani wa kumshika, na kwa jina gani?

Majirani walisema polisi. Nenda andika OB, yaani kwenye kitabu cha matukio cha polisi, waseme ni wizi. Lakini wizi unataka nia ya wizi, na okshonia ana karatasi yake, mwenye nyumba anadai kodi ya kweli, polisi wangemwambia shangazi hayo ni mambo ya madai. Polisi wanafaa pale mtu amechukua kwa ujanja tangu mwanzo au ameuza amana akakimbia, na hata hapo kitu chako kikipatikana kinaweza kukaa kama kielelezo mpaka kesi iishe, hilo watu hawaliwazi. Sikuona faida.

Konvesheni dhidi ya fundi? Fundi hakugeuza chochote, yeye mwenyewe kabaki na bisibisi moja mfukoni. (Fundi akishikilia kitu chako kwa sababu hujamlipa kazi yake hiyo ni haki yake kabisa, ila kushikilia tu, kuuza ni jambo jingine, kuna Sura ya 38 ya mali zisizochukuliwa na ina masharti yake ya notisi. Shangazi alikuwa kashalipa nusu na nusu alikuwa nayo mkononi.)

Replevini? Ndiyo, ilikuwa inafaa kwa sura yake, mali imekamatwa kwa ajili ya kodi. Tatizo ni dhamana. Shangazi alikuwa na shilingi za mboga. Na ukweli ni kwamba hapa Mombasa mawakili wengi wakitaka kitu kisiuzwe wanakimbilia amri ya muda ya kuzuia mnada kuliko kutaja replevini kwa jina.

Ikabaki detinyu, na nguvu yake ilitoka sehemu ambayo sikuitegemea, kesi ya mwaka 1744, Simpson dhidi ya Hartopp. Mtu alikuwa na mashine ya kufumia soksi, kamkodisha mfumaji, mfumaji kadaiwa kodi ya nyumba, mwenye nyumba kaibeba mashine wakati mwanafunzi wa mfumaji yuko juu yake anafuma. Mwenye mashine akafungua trova akashinda. Na jaji mkuu Willes akaorodhesha vitu visivyokamatwa kwa ajili ya kodi ya mwingine, kimojawapo ni mali iliyoletwa kwa fundi ili aifanyie kazi katika biashara yake, farasi kwa mhunzi, kitambaa kwa mshonaji. Basi nikamwonyesha wakili wangu, akacheka kwa furaha akasema cherehani kwa fundi cherehani, unataka nini tena.

Tukaandika barua ya madai kwa okshonia, nakala kwa mwenye nyumba. Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu: cherehani ni ya nani, namba iliyogongwa kwenye chuma chini ya mkono wake, ile chaki ubavuni, kijikaratasi cha fundi kimeambatishwa, ilikuwa pale kwa matengenezo tu, mwenyewe hadaiwi kodi na yeyote, irudishwe ndani ya siku 7 la sivyo tunaenda kortini kudai kitu chenyewe, na kodi ya kila siku inayokaa kwenye ghala lenu. Hatukutanguliza maneno "fidia ya thamani" popote, kwa makusudi, manake ukitanguliza bei umeshawaambia unauza.

Kama ungehitaji kufungua kesi, hapa Kenya usiogope, Mahakama ya Madai Madogo inapokea mashauri ya kurudishiwa mali inayohamishika mpaka shilingi milioni 1 na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Na usilale, madai ya aina hii Kenya yana miaka 3, Tanzania pia miaka 3, ikipita hata barua nzuri haikusaidii. Na kabla ya kwenda, tafuta kitu kinachotambulisha mali yako: namba, picha ya zamani ya harusi ambayo friji inaonekana nyuma, risiti, shahidi aliyekuwepo ukikabidhi. Kesi nyingi za detinyu zinafia hapo, kila mtu anakubali kuna feni ghalani, hakuna anayeweza kusema ipi ni ya nani.

Siku ya sita okshonia akapiga simu. Tukaenda na shangazi ghalani, joto, vumbi, godoro za watu zimepangwa mpaka darini. Wakatuletea kitabu asaini kwamba amepokea. Shangazi akasema kwanza. Akavuta kigoda cha mtu, akatoa kwenye mkoba kipande cha kanga na kidonge cha uzi alichokuja nacho nyumbani, akatunga sindano akiwa amefumba jicho moja, akakanyaga. Mkanda ukateleza kidogo kisha ukashika. Alishona mstari mmoja, akaugeuza kuangalia upande wa chini, akaupitisha kucha, akashona wa pili. Vijana wa okshonia wamesimama wanamsubiri na kalamu. "Bado inaruka," akaniambia, "lakini ni yenyewe," ndo akasaini.